Je, Wajua? Kuvuka Marekani kwa Gari-Nyumba Kubwa

Gari-nyumba kubwa la Kimarekani lina kitanda, jiko, choo, bafu na sebule, na lote huendeshwa na mtu mmoja aliyeketi mbele kama dereva wa basi la mikoani. Linaweza kufika urefu wa mita 13.7 na kimo cha mita 4, na mengine hupita tani 20. Anayetaka kuvuka nalo bara zima, kutoka Atlantiki hadi Pasifiki, akubali jambo moja mapema: ramani ya gari dogo si ramani yake. Barabara inayompokea jirani mwenye saluni inaweza kumkataa yeye kwa sababu ya sentimita chache. Yafuatayo ni ya kujua kabla ya kuwasha injini.

UMBALI NA BARABARA

Je, wajua kwamba kutoka New York hadi Los Angeles ni takriban kilomita 4,500? Hiyo ni karibu mara nne ya safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza, na hapo hujakata kona hata moja kwenda kutazama hifadhi au kumsalimia ndugu.

Je, wajua kanuni ya tatu tatu? Wazoefu wa magari-nyumba hushauriana hivi: usiendeshe zaidi ya maili 300 kwa siku, yaani kilomita 480, ufike kambini kabla ya saa 9 alasiri, ambayo kwa saa ya Kimarekani ni saa tatu, na ulale hapo usiku tatu. Ukiifuata kutoka New York hadi Los Angeles, safari itachukua karibu mwezi mzima. Wahenga walisema kawia ufike, na kwa gari la tani 15 usemi huo ni kanuni ya usalama. Anayefika mchana huona matawi ya miti, nguzo na mifereji anaporudi nyuma kuegesha. Anayefika usiku huvikuta kwa bampa.

Je, wajua kwamba namba ya barabara kuu ya Marekani hukuambia inaelekea wapi? Namba shufwa, kama 10, 40, 80 na 90, hukata nchi kati ya mashariki na magharibi. Namba witiri, kama 5, 25 na 95, hukata kati ya kaskazini na kusini. Namba ndogo huanzia kusini na magharibi: I-5 inafuata pwani ya Pasifiki na I-95 pwani ya Atlantiki. Ndefu kuliko zote ni I-90, yenye kilomita zipatazo 4,860 kutoka Seattle hadi Boston.

Je, wajua kwamba katika majimbo mengi namba ya njia ya kutokea ni maili pia? Hesabu huanzia mpaka wa kusini au wa magharibi wa jimbo. Ukiwa maili ya 120 na kambi yako iko njia namba 165, bado una maili 45. Dereva wa gari kubwa anayehitaji kuhamia upande wa kutokea mapema hufanya hesabu hiyo bila kushika simu.

Je, wajua kwamba si kweli kuwa maili moja katika kila tano za barabara hizo ilinyooshwa ili ndege za kivita zitue? Habari hiyo imesambaa miaka mingi, lakini hakuna sheria wala kanuni ya ujenzi inayosema hivyo. Kona na milima zimo, nawe zipangie muda.

Je, wajua kwamba I-70 katika jimbo la Utah, kati ya miji ya Green River na Salina, ina kipande cha takriban kilomita 177 kisicho na huduma yoyote? Hakuna sheli, hakuna duka, hakuna gereji. Ndicho kirefu kuliko vyote vya aina hiyo katika mtandao wa barabara kuu za Marekani. Gari-nyumba kubwa hunywa lita 25 hadi 40 kwa kila kilomita 100, basi jaza tangi kabla ya kuingia. Kwa wastani wa lita 30, New York hadi Los Angeles peke yake inameza lita 1,350.

KIMO

Je, wajua kwamba vibao vya madaraja ya Marekani huandikwa kwa futi na inchi? Kibao chenye 11′8″ kinasema futi 11 na inchi 8, sawa na mita 3.56. Anayeisoma kama 11.8 atapata mita 3.60. Sentimita nne hizo zinatosha kung'oa kiyoyozi cha paani. Ukivuka mpaka kuingia Kanada, vibao vinageuka kuwa vya mita, kwa hiyo kifahamu kimo chako kwa vipimo vyote viwili.

Je, wajua kwamba namba hiyo hiyo, 11′8″, ndiyo iliyolipa umaarufu daraja la reli la mjini Durham, North Carolina? Lilijengwa mwaka 1940 juu ya barabara ya South Gregson. Tangu 2008 kamera ya mkazi mmoja imekuwa ikirekodi malori na magari-nyumba yakijipenyeza chini yake na kuvuliwa paa. Mbele ya daraja kuna boriti nene ya chuma inayokinga reli, na hiyo ndiyo inayochuna paa kuanzia mbele kwenda nyuma. Kuishusha barabara haikuwezekana, maana bomba kuu la majitaka linapita chini yake. Baadaye ikawekwa mitambo inayohisi gari refu, ikawasha taa nyekundu na kibao cha kumwamuru dereva akate kona. Oktoba 2019 daraja liliinuliwa hadi 12′4″, yaani mita 3.76, na bado magari yameendelea kuligonga. Kibao na taa havimsaidii dereva asiyejua kimo cha gari lake.

Je, wajua kwamba kiwango cha nafasi chini ya madaraja ya barabara kuu za mashambani ni futi 16, karibu mita 4.9? Ndiyo maana wengi huvuka bara lote kwa I-40 au I-80 bila kuona tatizo. Hatari huanza pale unapotoka barabara kuu kutafuta mafuta, chakula au njia ya mkato. Huko ndiko madaraja ya zamani ya reli yalipo.

Je, wajua kwamba karibu na New York kuna barabara pana, nzuri na zenye miti pande zote, ambazo gari-nyumba kubwa haliruhusiwi kuzikanyaga? Hutchinson River Parkway na jirani yake wa Connecticut, Merritt Parkway, zilijengwa kwa ajili ya magari madogo ya matembezi. Madaraja yake mengi yana tao, hivyo kimo kilichopo katikati ya barabara hakipo pembeni.

Je, wajua kwamba ramani ya kawaida ya simu haijui kimo cha gari lako? Inakuhesabia njia fupi tu. Kuna vifaa na programu za madereva wa malori na magari-nyumba ambamo unaingiza kimo, urefu, uzito na kama umebeba gesi, kisha njia hupangwa kwa kufuata namba hizo. Hata hivyo, kibao kilicho mbele ya macho ndicho chenye neno la mwisho.

UREFU NA UPANA

Je, wajua kwamba hifadhi nyingi za taifa za Marekani ziliandaliwa wakati magari yalikuwa madogo? Kambi na barabara nyingi zilijengwa au kukarabatiwa kwenye mpango wa Mission 66, ulioanza 1956 na kukamilika 1966. Nafasi iliyotosha trela la wakati huo haitoshi basi la mita 12. Unapoweka nafasi, soma urefu unaoruhusiwa wa kiwanja chenyewe. Picha ya lango haikuelezi kitu.

Je, wajua kwamba katika hifadhi ya Glacier, Montana, barabara ya Going-to-the-Sun, iliyozinduliwa rasmi 1933, hairuhusu gari lenye urefu unaozidi futi 21 kupita sehemu yake ya milimani? Hiyo ni mita 6.4, bampa zote mbili zikihesabiwa, na upana wa mwisho ni futi 8, vioo vya pembeni vikiwemo. Mwenye gari-nyumba kubwa huliacha kambini, akapanda kwa gari dogo au basi la hifadhi.

Je, wajua kwamba handaki la Zion-Mount Carmel, jimbo la Utah, liliwafanya walinzi wa hifadhi kusimamisha magari kwa miaka mingi? Lilifunguliwa 1930, nalo lina urefu wa kilomita 1.8 ndani ya mwamba. Ukuta wake umepinda kama tao, kwa hiyo gari refu halina budi kupita katikati kabisa, juu ya mstari. Aliyezidi kimo cha mita 3.4 au upana wa mita 2.4 alilipa ada, magari ya upande wa pili yakazuiwa, ndipo akaingia. Mamlaka ya hifadhi ilitangaza kwamba kuanzia katikati ya 2026 magari makubwa yatazungushwa kwa barabara nyingine. Anayepanga safari kwa kufuata simulizi za waliopita miaka ya nyuma atajikuta ameongeza kilomita nyingi asizozipangia.

Je, wajua kwamba handaki la Needles Eye, katika milima ya South Dakota, lina upana wa futi 8 tu? Ni mita 2.4. Magari-nyumba makubwa mengi yana karibu mita 2.6 hata kabla ya kuhesabu vioo. Hapo hakuna ujuzi wa kuendesha unaosaidia; ni kuchagua njia nyingine.

Je, wajua kwamba ukikata kona kulia, mkia wa gari hutoka kushoto? Bodi inayobaki nyuma ya matairi ya mwisho huchota nafasi upande wa pili. Katika sheli, gari refu likikata kona kwa ukali mkia wake hugonga pampu au gari la jirani wakati dereva anatazama mbele. Songa mbele kwanza, kisha kata kona polepole, ukitazama kioo cha upande ulio kinyume na kona.

Je, wajua kwamba wengi huvuta gari dogo nyuma ili wapate cha kutembelea mjini, lakini ukilivuta kwa matairi yote manne chini hupaswi kurudi nyuma? Ukipiga rivasi, matairi ya mbele ya gari dogo hujikunja upande na chuma cha kuvutia kinaweza kupinda. Ukikwama kwenye maegesho yasiyo na njia ya kutokea, hakuna ila kulifungua, kulisogeza na kulifunga upya. Tena si kila gari linavutika hivyo, kwa kuwa gia za baadhi hukosa mafuta ya kulainisha injini ikiwa imezimwa. Jibu liko kwenye kitabu cha gari dogo lenyewe.

UZITO, MATAIRI NA BREKI

Je, wajua kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, na gari-nyumba kubwa linaweza kubeba lita karibu 380 za maji safi? Hiyo ni kilo 380 kabla ya abiria, vyombo, vitabu, zana na mtungi wa gesi. Kila gari lina kibandiko cha kiwanda kinachotaja uzito wa juu kabisa likiwa limepakiwa. Wengi wanaozidisha hawajui, kwa sababu mzigo uliingia kidogo kidogo, kabati moja baada ya jingine.

Je, wajua kwamba vituo vikubwa vya malori vina mizani unayoweza kulipia ukapima gari lako? Kwetu mizani ni mahali dereva anaposimamishwa. Katika majimbo mengi ya Marekani gari-nyumba la familia halilazimiki kusimama kwenye mizani za serikali, na hilo ndilo linalowafanya wengine waendeshe miaka bila kujua uzito wao. Pima ukiwa umejaza mafuta, maji na watu, kisha soma uzito wa kila ekseli. Jumla inaweza kuwa halali huku ekseli ya nyuma ikiwa imezidiwa.

Je, wajua kwamba tairi lina tarehe ya kuzaliwa? Inama ubavuni mwake utafute herufi DOT, kisha fuata mpaka namba nne za mwisho. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingine namba hizo ziko upande wa ndani, na itabidi uingie chini na tochi. Tairi la gari-nyumba huzeeka kabla ya kuisha, kwa kuwa gari hukaa limeegeshwa miezi mingi juani. Kashata zinaweza kuonekana mpya huku mpira umeshapasuka nyufa ndogo ubavuni.

Je, wajua kwamba matairi mengi ya trela yametengenezwa kwa kasi isiyozidi maili 65 kwa saa, yaani kilomita 105, isipokuwa yameandikwa vingine? Vibao vya Texas vinaweza kukuruhusu maili 80. Ruhusa ya barabara haibadilishi uwezo wa tairi. California nayo imeweka kikomo cha maili 55, sawa na kilomita 88, kwa kila gari linalovuta jingine.

Je, wajua kwamba ukizidisha kasi mara mbili, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huwa mara nne? Kwenye mteremko mrefu dereva anayekanyaga breki mfululizo huzichemsha mpaka zinaacha kushika. Punguza mwendo kileleni, ingiza gia ndogo, iache injini ishike gari, na breki iwe ya kugusa na kuachia. Ukiona kibao cha njia ya dharura iliyojazwa kokoto na kuelekezwa mlimani, ujue imejengwa kwa aliyekosa breki.

Je, wajua kwamba handaki la Eisenhower kwenye I-70, Colorado, liko mita zipatazo 3,400 juu ya usawa wa bahari, mahali pa juu kabisa katika barabara kuu hizo? Lilifunguliwa 1973. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na tabo ya kusukuma hewa hupoteza karibu theluthi moja ya nguvu zake. Jenereta pia hulegea. Panda asubuhi kukiwa na baridi, kaa upande wa malori, wala usione haya kupitwa.

MAJI, UMEME NA GESI

Je, wajua kwamba gari-nyumba lina matangi matatu ya maji? La kwanza ni la maji safi, la pili la maji ya sinki na bafu, la tatu la choo. Kwenye kituo cha kumwaga majitaka, vaa glavu, funga bomba pande zote mbili mpaka lishike, kisha fungua tangi la choo kwanza. Likiisha, funga, ndipo ufungue la sinki na bafu, ili maji yenye sabuni yasafishe bomba. Na ukiwa kambini usiache koki ya tangi la choo wazi, hata kama bomba limeunganishwa. Majimaji yatatoka, kinyesi kitabaki na kukauka kama tofali. Subiri tangi lifike theluthi mbili, kisha lifungue kwa mkupuo mmoja.

Je, wajua kwamba umeme wa ampea 50 wa kambini ni zaidi ya mara tatu ya ule wa ampea 30? Wa 30 hutoa volti 120 kwa waya mmoja, jumla wati 3,600. Wa 50 huleta nyaya mbili za volti 120, kila moja ampea 50, jumla wati 12,000. Kwa hiyo gari lenye viyoyozi viwili likichomekwa kwenye ampea 30 litakata umeme mara tu mtu akiwasha maikrowevu. Na kwa atokaye Afrika Mashariki: birika au pasi yako ya volti 240 haitapata moto wa kutosha huko.

Je, wajua kwamba jokofu la gesi halipendi gari lililoinama? Halina kompresa, moto hupasha mchanganyiko wa amonia na maji, na mzunguko hurudi kwa mteremko wa mabomba yenyewe. Gari likiegeshwa upande upande, mzunguko husimama, chakula huharibika na jokofu linaweza kufa kabisa. Ndiyo sababu wenye uzoefu hupima usawa wa gari kabla ya kufungua hata kiti.

Je, wajua kwamba mtungi wa gesi unaweza kukufungia njia? Mahandaki ya Holland na Lincoln yanayoingia Manhattan hayaruhusu gesi ya kupikia. Mahandaki mawili makubwa ya Baltimore nayo huikataa ikizidi mitungi midogo ya ratili 10. Zamani waliobeba gesi walikwepa kwa daraja la Francis Scott Key, lakini daraja hilo lilianguka tarehe 26 Machi 2024 baada ya kugongwa na meli. Sasa huzunguka upande wa magharibi wa jiji kwa I-695.

Je, wajua kwamba kaboni monoksidi, gesi yenye sumu inayotoka kwenye jenereta, haina harufu wala rangi? Kila gari-nyumba linapaswa kuwa na king'ora chake kinachofanya kazi. Kijaribu kabla ya safari, usiwashe jenereta ukuta wa jirani ukiwa umeziba ekzosi, wala usitumie jiko kama kipasha joto cha chumba.

PA KULALA

Je, wajua kwamba nafasi nyingi za kambi za hifadhi za taifa hufunguliwa miezi 6 kabla, saa 4 asubuhi kwa saa za Washington? Aliyeko Nairobi au Dodoma akipanga safari na jamaa zake awe kwenye kompyuta saa 11 jioni wakati wa kiangazi cha Marekani, au saa 12 jioni wakati wa baridi yao. Viwanja vya magari marefu ni vichache, navyo huisha mapema.

Je, wajua kwamba tangu Januari 2026 pasi ya mwaka ya hifadhi zote za taifa ni dola 80 kwa mkazi wa Marekani na dola 250 kwa mgeni? Aliyemwalika mzazi au rafiki kutoka nyumbani aulize mapema pasi ya nani itatumika.

Je, wajua kwamba katika hifadhi ya Yellowstone kambi ya Fishing Bridge haipokei hema wala trela la turubai? Eneo hilo hupitiwa na dubu wakubwa wa kahawia, kwa hiyo wanaoruhusiwa ni wenye kuta ngumu tu. Ndiyo kambi pekee ndani ya Yellowstone yenye maji, umeme na bomba la majitaka kwenye kila kiwanja.

Je, wajua kwamba shirika la ardhi la serikali ya Marekani, BLM, husimamia takriban kilomita za mraba 990,000? Ni eneo kubwa kidogo kuliko Tanzania nzima. Sehemu nyingi unaweza kulala bure, kwa kawaida hadi siku 14 ndani ya siku 28, ukibeba maji yako na kuondoka na takataka zako. Walioacha uchafu ndio waliosababisha baadhi ya maeneo kufungwa, na anayependa uhuru huo ana wajibu wa kuulinda.

Je, wajua kwamba mji mdogo wa Quartzsite, Arizona, hujaa magari-nyumba kila msimu wa baridi, wazee wakiikimbia theluji ya kaskazini? Makaburini mwake kuna piramidi ya mawe iliyojengwa 1935, juu yake sanamu ya ngamia. Ni kumbukumbu ya Hajji Ali, Mwislamu aliyeletwa 1856 kutoka Milki ya Osmani kuchunga ngamia wa jeshi la Marekani jangwani. Wenyeji walimwita Hi Jolly.

SAA, HALI YA HEWA NA SHERIA

Je, wajua kwamba Arizona haibadilishi saa wakati wa kiangazi, lakini eneo la Wanavajo lililo ndani yake hubadilisha? Unaweza kuvuka mpaka huo ukakuta umechelewa kwa saa nzima bila kuondoka jimboni. Uliza ofisi ya kambi inafuata saa ipi.

Je, wajua kwamba I-80 katika Wyoming huweza kufungwa kwa magari marefu mepesi kwa sababu ya upepo pekee, jua likiwaka? Ubavu wa gari-nyumba ni mpana, na upepo wa pembeni huliyumbisha au kuliangusha. Weka siku moja au mbili za akiba kwenye ratiba, ili usije ukaendesha kwa kushindana na tufani kisa umelipia kambi.

Je, wajua kwamba tahadhari za kimbunga redioni hutaja jina la kaunti? Mgeni anayejua tu kuwa yuko "karibu na Oklahoma City" hatatambua kama ni yeye anayeambiwa akimbilie mahali salama. Kila jioni andika jina la kaunti uliyolala, na uliza jengo imara lililo karibu. Gari-nyumba si mahali pa kujificha kimbunga.

Je, wajua kwamba barabara ya Tioga, Yosemite, iliyo zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, hufungwa kwa theluji tangu Novemba hivi hadi Mei au Juni? Ratiba ya milima huanza na kalenda, ndipo ramani.

Je, wajua kwamba leseni ya kawaida inatosha katika majimbo mengi, lakini si kila gari wala kila jimbo? Texas hudai leseni ya daraja la juu gari likipita ratili 26,000, karibu kilo 11,800. California huidai likizidi futi 40.

Je, wajua kwamba kuni za moto wa jioni hazipaswi kusafirishwa mbali? Hubeba wadudu waharibifu, na ndivyo mbawakawa aitwaye emerald ash borer alivyosaidiwa kusambaa na kuua miti kwa mamilioni. Nunua kuni pale utakapozichoma. Ukiingia California, tarajia pia kuulizwa kuhusu matunda na mimea.

WALIOTANGULIA

Je, wajua kwamba wa kwanza kuvuka Marekani kwa gari, Horatio Nelson Jackson na Sewall Crocker, walitumia siku 63 mwaka 1903? Mwaka 1909 Alice Ramsey akawa mwanamke wa kwanza kuliendesha gari njia hiyo nzima, kwa siku 59.

Je, wajua kwamba mwaka 1919 msafara wa jeshi ulitumia siku 62 kutoka Washington hadi San Francisco, magari yake mazito yakivunja madaraja ya mbao zaidi ya 80 njiani? Miongoni mwao alikuwamo ofisa kijana, Dwight Eisenhower. Mwaka 1956, akiwa Rais, alitia saini sheria iliyojenga barabara kuu za leo.

Je, wajua kwamba mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa trela za Airstream, aliongoza trela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo? Walipitia Kongo, Uganda, Kenya na Ethiopia, wakimaliza mwaka 1960. Matope yaliwakwamisha mara nyingi, na walifika kwa kusukumana, kuvutana na kungojana.

KABLA HUJAONDOKA

Je, wajua kwamba namba nne kwenye kadi moja zingeweza kuepusha ajali nyingi za aina zilizotajwa hapa? Egesha gari mahali tambarare, matairi yakiwa na upepo wa safari. Panda paani, laza ubao ulionyooka juu ya kitu kirefu kuliko vyote, iwe kiyoyozi, antena au sola, kisha pima kutoka ncha ya ubao hadi chini. Hicho ndicho kimo. Pima urefu ukiwa umefunga gari dogo nyuma, upana vioo vikiwa wazi, na uzito kwenye mizani ukiwa umepakia kila kitu. Andika namba zote nne kwa futi, inchi na ratili, na pembeni yake kwa mita na kilo. Bandika kadi mbele ya usukani, na mpe nakala kila atakayeshika gari. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla ya kuondoka, ili ukikuta namba hizo hazipatani na njia uliyoichagua, uwe bado una muda wa kuchagua nyingine.